Joho Lililoagizwa Mapema

Nyumba ya Kona, nyuma ya Posta,
S.L.P. 418.

Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote, afya. Mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umekuachia, au bado unatembea kama mtu aliyemeza rula? Na wanangu wawili, wanakula, wanalala, wanasoma? Yule mkubwa bado anarefuka au amekumbuka kusimama? Kila nikimshonea suruali nakuta nimechelewa.

Huku tunasukuma siku. Mama ni mzima. Macho ndiyo yamechoka, lakini masikio yake yanasikia hata sufuria ikifunuliwa kwa jirani. Redio ikitaja Bunge anatunyamazisha wote, ingawa wote wenyewe ni mimi peke yangu. Goti langu la kukanyagia cherehani linalalamika asubuhi, likishapashwa na kazi linanyamaza. Si haba.

Barua hii anakuletea yule nesi tunayepakana naye ukuta kwa ukuta. Likizo yake imekwisha, anaruka kesho kurudi huko kwenu, na ameniahidi kwamba Alhamisi utakuwa nayo mkononi. Usishangae kwamba sikupiga simu. Kaka ametuomba tusiseme lolote la maana kwenye simu, nawe unajua kaka yetu si mtu wa kukimbia kivuli chake.

Unaikumbuka ile asubuhi ya kwanza ya muhula huu wa Bunge, karibu miaka mitano sasa? Wewe ulikuwa huko, ukitazama picha zinazokatikakatika. Familia moja ilitoa wawili: kaka yetu Kengele akawa Spika kwa kura kumi na moja za ziada, na shemeji, mume wako, akawa Naibu Spika bila kupingwa. Mama alilia mpaka akachoka, akaanza kucheka. Mimi nilikuwa chini, kwenye chumba changu cha ushonaji, nikisikia makofi kupitia dari. Nilijiambia kwamba yule mtoto aliyekuwa akigonga kengele ya shule sasa anawagongea wakubwa wazima nao wanakaa.

Pale Bungeni mimi ni mama wa cherehani tu. Nilianza kazi miaka mingi kabla ya kaka kugombea, natumia jina la marehemu mume wangu, na tulikubaliana tusitangaze undugu, watu wasije wakasema nimepata sindano kwa kubebwa. Wazee wa pale wanajua. Wageni hawajui. Hilo nakuomba ulishike, maana ndilo lililoniletea haya ninayokuandikia.

Kaka amekonda. Simwoni mara kwa mara, lakini joho lake naliona. Tangu mwaka uanze nimelipunguza mara mbili mabegani, na juzi nimesogeza vifungo tena. Kinachomla unakijua. Muhula unakwisha tarehe thelathini Juni, na kuna wenye nguvu wanaotaka wabunge wajiongezee miaka miwili bila kurudi kwa wapiga kura. Hoja imeandikwa, kura za kuipitisha wanazo, za kumtoa Spika hazijatimia, na ndiye anayeamua iingie ukumbini au isiingie. Mara tatu imefikishwa mezani kwake, mara tatu ameirudisha. Anasema wananchi walimkopesha kiti kwa miaka mitano, na cha kuazima hurudishwa.

Tangu airudishe mara ya tatu, mambo yamebadilika kimyakimya. Dereva wake wa miaka yote amepewa likizo ambayo hakuiomba. Mlinzi aliyekuwa akinisalimia kwa kunitania kuhusu miwani yangu amehamishwa, na aliyeletwa hajui hata kuitikia. Nikipanda na nguo mkononi, watu kwenye korido wanaacha kuzungumza mpaka nipite. Si kwangu mimi wananyamaza. Wamezoea tu kunyamaza.

Sasa sikiliza vizuri. Jumatano iliyopita alishuka afisa ugavi mpya, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyolia. Ana miezi miwili tu pale na hajui mimi ni nani kwa Spika. Alinipa karatasi ya vipimo isiyo na jina, akataka joho jipya la Spika, kamili na bitana, liwe tayari Jumatatu tarehe kumi na nane. Nikamwambia Spika nina vipimo vyake na si hivi. Akasema hili ni la akiba, nishone kama ilivyoandikwa.

Joho la akiba kwa mwili mwingine sijawahi kulisikia. Pale kwetu Naibu anakaa na suti yake, joho ni la mtu mmoja tu. Lakini mshonaji haulizi, anakata. Nilikata. Ijumaa nilivalisha sanamu la nguo lile joho likiwa bado na pini, nikarudi nyuma nilitazame. Nilijua ni nani amesimama mbele yangu. Mkono mmoja ulikuwa mfupi kwa inchi moja na nusu.

Ndiyo, shemeji. Ule mkono aliouvunja utotoni. Ningeweza kujidanganya kwamba kuna watu wengine wenye mkono mfupi, maana dunia ni pana. Ila mdogo wangu, mkono uliokuwa mfupi kwenye karatasi ile ni wa kushoto, na wewe mwenyewe unajua kwamba wa shemeji ni wa kulia.

Umelikumbuka lile koti? Alipochaguliwa ulitaka kumshtukiza na koti kutoka huko, ukaniomba vipimo. Nilimpima akiwa amenielekea, nikaandika kushoto badala ya kulia, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Koti likaja, kiganja cha kulia kimemezwa na cha kushoto kipo nje mpaka kwenye saa. Tulicheka, naye akacheka zaidi yetu. Baadaye nilimpima upya na ule ukurasa wa daftari nikauchana, kwa aibu ya ufundi. Kwa hiyo kosa lile liliandikwa mahali pawili tu, kwenye daftari na kwenye barua niliyokutumia wewe. Hata kiuno kwenye karatasi ya afisa ni inchi thelathini na nne, kama alivyokuwa wakati ule. Leo shemeji ana thelathini na nane, na hiyo akijibana.

Sikuandikii kukuhukumu. Nimekulea mgongoni na najua ulivyo, mtu akikuomba kitu kwa sauti ya upole unampa na mfuko wa kubebea. Huenda uliambiwa ni zawadi. Huenda aliyekuomba ni mumeo mwenyewe, ukapiga picha ile barua ukamtumia usiwaze mara mbili. Lakini karatasi ilitoka kwako, na moyo wangu umeuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Kama yangeishia hapo ningesema ni siasa. Spika hutolewa kwa kura, hajafa mtu. Kaka angerudi nyumbani, angenenepa, na Mama angempata wa kumsomea magazeti. Lakini jana afisa yule alishuka tena na jora la kitambaa cheusi kisichong'aa. Akataka kifuniko cha kiti cha Spika, mgongo na mikono yote miwili, nacho kwa Jumatatu hiyohiyo.

Miaka yangu yote pale kiti kile kimefunikwa kwa cheusi mara moja tu, nami ndiye niliyeshona. Spika akishindwa kura, kiti kinabaki wazi. Akijiuzulu, kinabaki wazi. Hufunikwa Spika akifa akiwa madarakani, basi. Nilimuuliza yule afisa, mwanangu, kuna msiba? Akatabasamu akanijibu, "Cha akiba, mama. Vya akiba huwa havikosi kazi." Akapanda ngazi na viatu vyake vikilia.

Jumamosi hii, tarehe kumi na sita, kaka anakwenda mkoani kufungua maktaba ya shule. Ni mwendo wa saa sita kwa gari, nusu yake ni barabara ya milimani, na atakayeendesha ni yule dereva mpya. Shemeji naye amealikwa, ila ametuma neno kwamba atafuata kwa gari lake, nyuma. Jumamosi milimani, Jumatatu joho na kitambaa cheusi. Hesabu hii hata Mama ataifanya macho yake yakiwa yamefumbwa.

Nilimwambia kaka asubuhi hii aliposhuka kujaribu vifungo. Nilianza na joho. Akanitania, "Mama wa cherehani, umeanza kupiga ramli kwa vitambaa?" Nikamwonyesha kile cheusi. Akakishika, akakikunja polepole pembe kwa pembe, yeye ambaye hajawahi kukunja hata shati lake. Nikamsihi asiende. Akasema, "Nikikaa nyumbani kwa kuogopa kitambaa, watakuwa wamenitoa kitini bila kupiga kura." Na kwamba watoto wa shule wameshafagia uwanja, hawezi kuwaambia kwamba Spika ameogopa barabara. Unamjua. Akishasema hivyo, hata Mama hamgeuzi.

Lakini sikumwambia vipimo ni vya nani. Anampenda shemeji kama ndugu wa tumbo moja. Ningemwambia, angepanda gari lile akiwa amekwisha kufa nusu.

Joho nimelimaliza, nimelishona kama lilivyoandikwa, na kosa langu ndani yake. Likivaliwa, ukumbi mzima utaona kiganja cha kulia kimemezwa, na wewe ukitazama kwenye simu yako utajua limetoka wapi. Kitambaa cheusi sijakikata. Nimesema cherehani imevunjika sindano na nasubiri nyingine, lakini uongo huo hautafika Jumatatu. Nikiweka mkasi pale nitakuwa nimemzika kaka kwa mkono wangu, tena kwa kipimo.

Nakuomba jambo moja tu. Usimpigie mumeo kumuuliza, maana mtu akiulizwa hujibu, na majibu hayana kazi tena. Mpigie Ijumaa, mwambie ndoto imekusumbua, sema upuuzi wowote ambao wake za watu husema. Mwambie unataka Jumamosi apande gari moja na kaka, kiti cha nyuma, bega kwa bega, kwenda na kurudi. Usimwambie sababu. Sikiliza tu.

Akikubali bila kusita, basi mimi ni mshonaji mzee aliyetishwa na vitambaa. Nitakuja huko nikupigie magoti, goti bovu na zima, na ile barua tutaichana pamoja.

Akikataa, utakuwa umejua kabla yangu. Hapo usinipigie mimi. Mpigie kaka, hata kama simu inasikilizwa, umwambie ni wewe uliyetoa vipimo, na ni vya nani. Kwangu ataona ni ramli. Kwako atasikia, maana hakuna mke anayemsingizia mumewe jambo kama hilo.

Wasalimie wanangu, mkubwa na mdogo, na yule wifi yako mwenye kicheko kirefu kama bado mnaishi mtaa mmoja. Mama anasema amekusalimia kwa mikono miwili, na anauliza mbona siku hizi husikiki. Nimemwambia unafanya kazi sana. Kaka hakujua ninakuandikia, lakini alipokuwa akitoka alisema, bila mimi kumuuliza, nikuambie kwamba wakati wa likizo atakuja kuwapokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe.

Mungu akufunike wewe na watoto, akupe sauti tulivu siku ya Ijumaa.

Wako akupendaye kama siku zote, hata leo,

Dada yako,
wa cherehani