Fundi Wangu, Viatu Mguuni

3 Machi

Kwako mwanangu,
Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linalalamika nikipanda ngazi. Saa uliyonitumia naivaa tangu alfajiri. Jana nimeketi kwenye cherehani, mara ikatetema: "Fundi wangu, viatu mguuni!" Nilicheka peke yangu. Jina hilo ni wewe tu unayeniita. Nikaiacha suruali ya mwalimu bila pindo, nikazunguka soko mara mbili. Daktari aliniambia nitembee kwa sababu ya presha, nikamwona mnoko. Wewe ukiniamuru nitakataaje? Kila ujumbe wako naujibu kwenye simu. Unapata?
Baba yako

10 Machi

Shikamoo Baba,
Huku salama, ila kazi zimenibana kwelikweli. Hatua zako naziona, hongera. Usijichoshe na kujibu, wewe tembea tu.
Binti yako

21 Juni

Mwanangu,
Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Jumanne tumemzika shangazi yako, dada yangu wa pekee. Gari lilikwama kwenye tope, tukabeba jeneza kwa miguu. Tangu alipolazwa nilikuandikia kila siku, chini ya ujumbe wako. Nikasema, shangazi ndiye aliyekulea, utapiga simu. Tumesimama kaburini, saa ikatetema: "Hongera Fundi wangu! Umevunja rekodi. Kesho tuongeze!" Mume wa marehemu alikuwa kando yangu, akaisoma. Mwanangu, nani ananiandikia?
Baba

29 Juni

Shikamoo Baba,
Nimelia mpaka macho yamevimba. Shangazi amekwenda na mimi sikujua. Ni mashine, Baba. Ndiyo kazi yangu hapa ofisini, kutunga maneno ya kuwahimiza wazee watembee. Tuligundua wazee wanawasikiliza watoto wao kuliko daktari, nami nikaipa mashine jina ninalokuita. Majibu yako hayasomwi na mtu. Niliogopa presha itakuchukua. Nisamehe.
Mwanao

14 Julai

Shikamoo Baba,
Hali yako? Saa inaonyesha sifuri, leo siku ya kumi na moja. Nikasirikie mimi, usiuadhibu moyo wako. Tembea, nakuomba.
Binti yako

30 Julai

Mwanangu,
Mimi mzima. Saa iko kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo visivyo na wenzao. Ilitetema humo mpaka chaji ikaisha. Umeniumiza. Zaidi ya miezi mitatu nazungumza na wewe, kumbe nazungumza na ukuta. Kutembea natembea, kila asubuhi, mpaka kaburini kwa shangazi yako na kurudi. Presha imeshuka, daktari amefurahi. Ila ni hatua ngapi, hutaziona tena. Jina la Fundi nimeiachia mashine yako. Ukitaka habari zangu, njoo uniulize.
Baba yako