Kura Imekuja kwa Simu Yako

Adhis, rafiki yangu,

Nimegombea. Cheka kwanza, nitangoja. Mimi Robi, ambaye ulikuwa unanisukuma kwa kiwiko ndiyo niulize swali kwenye semina, nimesimama kugombea kiti cha bodi, na watu wa dunia nzima wanasoma jina langu na kuniuliza wanachotaka. Tangu wiki iliyopita ugali haupiti. Nakunywa chai tu, na hiyo chai yenyewe inanikalia tumboni kama kokoto.

Ni lile shirika letu la programu ya ramani, ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitengeneza, tuliyoanza nayo kama mchezo hapa kwenye saiba yangu ya intaneti Rodi Kopany. Kila mwaka wanachama huchagua watu wa kukaa kwenye bodi. Viti ni viwili, tumesimama watano. Mshahara hakuna. Nilipomweleza Min Brayo, yule mama anayeuza dagaa wa omena mbele ya mlango wangu, akaniuliza kama nitapewa gari. Nikasema hapana. Mlinzi je? Hapana. Akaniangalia kwa huruma: "Sasa unakonda ya nini?"

Wewe unajua ya nini. Bodi hii mpya ndiyo itaamua kama programu itaendelea kufanya kazi kwenye simu za zamani, na mahali pasipo na mtandao. Wengi kule wanaona ni mzigo. Mimi nawaona wale wahudumu wa afya wa huko kwenu, wanavyotafuta boma la mama mjamzito kwa simu iliyopasuka kioo, na nyumba hiyo ni wewe uliyeichora kwenye ramani. "Hawa watu hawajawahi kuishiwa na bando," ulikuwa unasema. Basi nikajiambia, aende nani? Nikajaza jina langu haraka kabla woga haujaamka. Ulipoamka, aki Adhis, uliamka na jamaa zake wote.

Kuna mzee mmoja wa ng'ambo aliniuliza mbele ya wanachama wote nina uzoefu gani wa kusimamia fedha. Nikaandika kwamba mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa sokoni. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Mwishowe nikaacha hivyo hivyo, nikaongeza kwamba sijawahi kutoroka na pesa zao. Watu wawili wakacheka, wa tatu akaniuliza kama nafanya mzaha na mambo ya bodi. Nilifunga laptopu nikaenda kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

Wacha nikupe habari za hapa. Kiti chako wateja wanakikalia, nimechoka kuwafukuza. Barabara ya kwenda kwenu wameichonga upya, wakahamisha daraja, kwa hivyo ramani yako pale sasa inadanganya kidogo, nitairekebisha. Kijaluo changu kimekua. Wakati ule sisi wawili tuliongea Kiswahili kwa sababu Mkuria mimi ningekuaibisha mbele ya watu, lakini siku hizi naweza hata kugombana na makanga wa matatu kwa Kijaluo, na ananielewa.

Na mama yako anaitunza simu yako. Hilo sikuwahi kukuambia pale kaburini. Anaichaji kwa sola ya dirishani, na kila mwezi anaitia kredi ili kampuni isichukue namba ikampa mtu mwingine. "Namba ya mtoto wangu haitapewa mtu," alisema siku ya kwanza, kwa sauti ya kuninyamazisha.

Siku zingine nakukumbuka vizuri tu, bila kulia. Nakukumbuka siku ile tulipofuata ua wa mbuga ya Ruma kwa miguu, wewe na chupa yako ya maji, na kila tukifika mahali unakaa chini. "Nangoja setilaiti," unasema. Setilaiti gani jamani, mbingu nyeupe pe, hakuna hata mti! Nilijua ni miguu inakuuma, ni ule ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, na ulijua kwamba najua. Nikakaa karibu nawe nikaangalia juu pia. Tukangoja setilaiti wote wawili mpaka ikapita.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Alhamisi mama yako alipiga simu, akaniita binti yake kama kawaida. "Robi nyara, kuna kitu imekuja kwa simu ya Adhis. Na jina yako iko ndani." Nikamwambia anisomee. Akasoma pole pole, neno moja moja. Ilikuwa kura. Kura yako. Shirika humtumia kila mwanachama kiungo cha kupigia kura, na hakuna aliyewaambia kwamba umefariki. Mimi ndiye ningewaambia. Mara ngapi nilianza kuandika, kisha nikaona jina lako pale kwenye orodha kati ya majina mengine, limekaa tu kama mtu aliyetoka nje kidogo, nikashindwa.

"Sasa nafinya wapi?" mama yako akauliza.

Nikuambie ukweli, kwa sababu wewe huwezi kwenda kunitangaza. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Kwa dakika moja nilifurahi sana. Kiti cha mwisho mwaka jana kiliamuliwa na kura chache mno, na nani asiyejua ungenipigia mimi? Kisha nikaona nafurahia nini. Nikamwambia, "Mama, usifinye kitu. Tafadhali. Nakuja kesho."

Siku ile sikuuza chochote cha maana. Mteja mmoja nilimchapishia cheti cha mtu mwingine. Kila dakika nilikuwa nawaza: amefinya, hajafinya, amefinya. Na ikijulikana? Watanitoa mimi, na si mimi tu. Watasema ndivyo walivyo watu wa kule, hata wafu wao wanapiga kura. Yule kijana wa Homa Bay mjini aliyejiunga juzi na kuanza kuchora soko la samaki, naye watamtilia shaka. Na isipojulikana? Hapo ndipo niliposhindwa kukaa. Ningekuwa nimeketi kwenye bodi, naongea mambo ya ukweli na uwazi, na moyoni najua kiti ni cha nani. Min Brayo nilipomdokezea alicheka mpaka akashika ukuta. "Kenya hii wafu ndio hufika foleni mapema," akasema. Nilitaka kucheka. Nilishindwa.

Ijumaa nilifika kwenu Magunga mchana. Sikupita kaburini kwako kwanza, unisamehe, niliona aibu. Mama alikuwa jikoni anakimbizana na jua, kwa sababu Sabato inaingia jua likizama na kila chakula lazima kiwe kimeiva. Simu yako ilikuwa dirishani, kiungo hakijafunguliwa. Nilishukuru Mungu kimya kimya nikaanza kumenya viazi bila kuambiwa.

Nilimweleza. Nikamwambia hii si halali, Mama. Yeye akaniambia halali ni nini, mtoto wake alifanya kazi ya hao watu miaka yote bila shilingi, akiwa na maumivu, akichora njia za watu wengine na yeye mwenyewe hawezi kuzitembea, sasa kura moja ndiyo wamnyime? "Mimi siibi. Mimi najua roho yake. Angekuchagua wewe." Nikasema najua, Mama. "Basi?" Nikamenya kiazi mpaka kikabaki kidogo.

Kisha nikamwambia lile lingine, lililokuwa linaniuma zaidi. Kwamba lazima tuwaambie umefariki, wakutoe kwenye orodha ya wapiga kura. Aliweka mwiko chini. "Ati wamtoe." Nikasema ndiyo. "Kwanza kanisani walitoa jina yake. Halafu kwa chifu. Sasa na wewe, Robi?" Adhis, hakuniinulia sauti. Afadhali angeniinulia.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimkumbusha siku ya mazishi yako. Unajua ulivyokuwa ukichukia wale wanasiasa wanaogeuza matanga kuwa mkutano. "Mtu asiniombee kura juu ya sanduku," ulituambia, mimi na yeye, tukiwa kwenye mazishi ya mwalimu wako, na ukasonya. Na siku yako ikafika, yule mheshimiwa mtarajiwa akashika maiki, akatoa pole maneno mawili, akaanza kusema barabara, maji, mwaka wa uchaguzi. Nani alisimama? Si wanaume. Si mchungaji. Mama yako alitoka kwenye kiti cha wafiwa, akatembea polepole na kitambaa chake cheupe kichwani, akamnyang'anya maiki mkononi. Akarudi nayo akakaa nayo mapajani mpaka mwisho, na mchungaji ikabidi ahubiri kwa mdomo mtupu.

"Mama," nikamwambia, "sasa mwenye maiki juu ya sanduku ni mimi."

Akapunguza moto. Akaosha mikono, akaifuta kwa leso, akaenda dirishani akaichukua simu yako akanipa. Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa. "Andika haraka," akasema, "Sabato inaingia. Mimi nasema, wewe andika." Niliandika kwa Kiingereza huku akisema kwa Kiswahili, lakini maneno yake ni haya, sikuongeza, sikupunguza:

"Mimi ni mama yake Adhiambo. Mtoto wangu alifariki. Tunaomba mtoe jina yake kwa kura. Huyu Robi ndiye angemchagua. Msihesabu. Lakini mjue."

Nilimwambia hilo la mwisho, la kwamba ungenichagua, labda tuliache, litaonekana kama kampeni. Nilikuwa naogopa, unanijua. Akaniangalia kwa yale macho yako. "Nimetoa mtoto yangu kwa karatasi leo mara ya tatu. Na hiyo pia nitoe?" Nikaliacha. Nilituma kwa kamati ya uchaguzi peke yake, si kwa wanachama, na juu yake nikaandika kwamba mimi ni mgombea, ni mimi niliyeandika kwa niaba yake, na wakiona ni kosa wanitoe. Mama akapiga magoti, nikapiga karibu naye, Sabato ikaingia.

Wamejibu leo. Wamempa mama pole. Jina lako limetoka kwenye wapiga kura, ila kila ulichochora kinabaki na jina lako, wala hakuna wa kukifuta. Kuhusu mimi wamesema bado wanazungumza kama neno lile la mwisho ni kampeni. Hawajasema naruhusiwa, hawajasema natolewa. Kura zinafungwa kesho. Hata chai sasa imegoma.

Naogopa, Adhis. Naogopa kushindwa, naogopa kutolewa mbele ya watu, na naogopa zaidi kushinda nianze kuongea kwenye mikutano ya wale watu na Kiingereza changu cha kwetu Kehancha. Lakini ule woga mwingine, wa kukuangalia usoni, huo umeniacha.

Nakuahidi hivi. Sitaomba kura kwa jina lako, leo wala mwaka wowote, na mtu akijaribu nitamnyang'anya maiki. Mama sitamwacha peke yake na simu ile. Nitakuwa nakuja, hata kama ni kumenya viazi tu.

Oriti, nyathi Magunga. Kwaheri, mtoto wa Magunga. Lala. Kura yako haikuhesabiwa. Inajulikana.

Wako,
Robi