Nilisahau Kuweka Misiba

Jumatano, Kishanda. Manyunyu tangu asubuhi, buti zimejaa tope, nami natabasamu peke yangu kama chizi.

Handaki limetoboka!

Saa nne asubuhi mwanga umepenya kutoka upande wa pili wa kilima. Humo ndimo yatakamopita maji ya chemchemi kwenda vijijini. Tumeyawahi masika kwa siku chache tu. Mvua kubwa ingetukuta katikati, upande wa chini ungejaa maji na kazi yote ingesimama. Naomba nijisifu. Mimi ni Mhaya wa Buganguzi, na majigambo yetu yanajulikana; mkinicheka mtakuwa hamjaanza leo.

Maana mpango ulikuwa wangu. Niliijenga kazi nzima ndani ya kompyuta, tukio baada ya tukio: mashine inatoboa mwamba, baruti inalipuka, moshi unatoka, toroli linapakia kifusi, jingine linasubiri reli. Nikaiigiza kazi hiyo mara nyingi, kila mara na ajali zake, kabla hata baruti ya kwanza haijalipuka. Niliweka mpaka kuharibika kwa kompresa, mtambo unaosukuma hewa. Nikajiona nimemaliza.

Mwezi wa kwanza haujaisha, tukawa nyuma kwa siku tatu. Meneja alisema waziwazi: siku zikizidi kupotea, tunarudi kwenye kalamu na daftari. Nilikagua hesabu hadi macho yakauma. Matoroli sawa, mashine sawa.

Aliyenifumbua macho ni Ishengoma, msimamizi wa zamu, mtani wangu tangu nifike hapa. Alichungulia skrini, akacheka.

"Waitu, mhandisi wetu, kwani hiyo kompyuta yako haina majirani? Haifiwi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi, niliyekua nikijua kwamba jirani akifa jembe haliguswi mpaka azikwe, nilisahau kuweka misiba! Mgeni angesamehewa. Mimi nina kisingizio gani? Siku zile tatu zilikuwa mazishi matatu huko kijiji cha Ngenge, na zamu nzima ya kutoa kifusi ilikuwa ya watu wa Ngenge: wakienda kuzika, kazi yote inasimama.

Nikauingiza msiba kama tukio linalokuja bila taarifa. Niliona aibu kuandika kifo kwenye orodha, chini ya kompresa, lakini niliandika hivyo hivyo. Kompyuta ikanionyesha nisichokitarajia: tusiongeze mashine, tuchanganye watu. Kila zamu nusu Ngenge, nusu Kishanda. Kijiji kimoja kikifiwa, wengine wanaendelea kutoa kifusi. Meneja aliguna, akakubali.

Tangu hapo hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kibarua na jirani yake. Hilo najivunia kuliko mwanga wenyewe.

Leo kila mtu ananipa mkono. Ishengoma ananiita profesa, na meneja anataka nipange kazi ijayo kule Bukoba. Kichwa kimevimba, sikatai.

Ila jioni hii nimeufungua mpango. Baada ya mazishi yale matatu nilitenga siku tano zaidi za misiba, na tumezika mara nne. Siku moja imebaki. Maana yake katika vijiji hivi kuna mtu ambaye kompyuta yangu ilishamzika, naye yuko hai, pengine sasa hivi anamenya ndizi za chakula cha jioni.

Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea.