Namba niliyoichapa kwenye kona

Jumamosi, baada ya adhuhuri. Mvua imekatika sasa hivi, Bagamoyo yote inanuka udongo uliolowa, na mimi nimejifungia chumbani nikidai kichwa kinaniuma.

Hakiniumi.

Blogu hii ina wasomaji kumi na mmoja, na mmoja wao ni mimi. Majina humu nimeyabadilisha yote. Mjomba ataisoma kabla sijaiweka, na atafuta mistari miwili au mitatu bila kusema kwa nini. Nimemzoea.

Mjomba Hafidhi ni kaka yake mama. Ana tovuti ya habari za huku kwetu: bei ya samaki, ugomvi wa viwanja Mapinga, nani kawa mwenyekiti wa nini. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Likizo zote mimi hushinda pale. Nina miaka kumi na saba na siwezi kuongea mbele ya watu watatu. Mwalimu akinitaja jina tu, sauti inakimbia. Lakini shule ya msingi nilisoma kwa Kiingereza, na Kiswahili nimelelewa nacho na bibi. Nipe karatasi ya Kiingereza, nitakurudishia ya Kiswahili na bibi ataielewa. Ndicho ninachokiweza, na mjomba ndiye wa kwanza kuona kwamba hicho nacho ni kitu.

Wiki mbili zilizopita alinipa karatasi mbili. Juu zimepigwa muhuri mwekundu: SIRI. Ilikuwa ripoti ya Kiingereza ya vipimo vya maji, visima viwili vya kijiji kimoja upande wa Zinga. Maji hayafai kunywa, hasa kwa watoto wachanga na wajawazito. Chini kabisa kuna aya inasema taarifa isitolewe kwa sasa, kuepusha taharuki.

Na kijiji kinaendelea kunywa.

Mjomba ana utaratibu wake. Picha ya karatasi haiweki kamwe. Picha ina mikunjo, ina tundu la pini, mara nyingine ina kivuli cha kidole cha mtu. Kila kitu kinachapwa upya, halafu karatasi inachomwa. Safari hii nilitafsiri na kuchapa mimi. Na mimi nimefundishwa kwamba kwenye tafsiri ukiruka kitu unakatwa alama. Basi sikuruka kitu. Kichwa cha ripoti, tarehe, vipimo, na kile kiandiko kidogo cha kalamu kwenye kona ya juu: Nakala Na. 4.

Nilikichapa vizuri kabisa. Kwa herufi nzito.

Mjomba alihakiki vipimo mara tatu. Kona hakuiangalia. Ikapanda mtandaoni Ijumaa ya wiki iliyopita kabla ya swala. Alipotoka msikitini ndipo akaiona ile namba, akaifuta. Wapi! Ilikuwa imeshazunguka magrupu yote ya pwani.

Visima vimefungwa. Sasa boza la maji linakwenda kule asubuhi na jioni. Hilo lazima niliandike, maana nikianza kulia huwa nalisahau.

Lakini nakala zilikuwa chache, kila moja na meza yake, na ya nne ilipita kwenye meza ya Bi Mwanaidi. Ni katibu muhtasi wa ofisi moja ambayo siitaji, na ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Wenzake watano waliopata nakala nyingine hawajaguswa. Ni yeye tu, kwa sababu ya namba niliyoichapa mimi.

Mjomba naye ameshaitwa polisi mara mbili. Wakili wake alitueleza sebuleni kwetu kwamba sheria haimtafuti aliyetoa karatasi peke yake. Inamtafuta pia aliyeipokea na aliyeichapisha, hata kama kila neno lililomo ni kweli. Nilitaka kumuuliza kama kuna mahali sheria inauliza maji yenyewe yalikuwaje. Sauti ikanigomea. Nikamwandikia kwenye simu, ameketi mbele yangu. Akasoma, akaniangalia, akasema hakimu anaweza kulitazama hilo, ila tusilitegemee.

Sisemi kila siri ivunjwe. Sitaki karatasi za wagonjwa zisomwe sokoni, na askari wana mambo yao ambayo sihitaji kuyajua. Nami ninazo zangu. Lakini siri ya maji ambayo mtu ameshayanywa ni ya nani? Nimejiuliza wiki nzima, sijapata jibu linalonitosha.

Juzi nilimkabili mjomba. Alikuwa anamenya chungwa.

"Mjomba, ni yeye?"

Akaendelea kumenya.

"Kama siye, si uwaambie siye? Wamrudishe kazini."

"Nikisema huyu siye, watanitajia wa pili. Nitasema siye. Wakimtaja wa tatu nikanyamaza, je?"

Akaligawa chungwa, akanipa nusu.

"Ndiyo maana sisemi. Hata mama yako hajui."

"Wala simuulizi," mama akadakia kutoka jikoni. "Mimi nataka usingizi wangu."

Nilimkasirikia mjomba, nakiri. Kama Bi Mwanaidi hakufanya kitu, basi anamwacha aumie ili mtu mwingine apone. Kama ndiye, anamkinga. Ukitazama kwa nje, kunyamaza kote ni kulekule. Na mimi siku zote nilidhani najua kunyamaza. Kumbe kwangu mimi ni woga tu.

Leo asubuhi nimekwenda kwake.

Nilikuta anachagua mchele barazani, mvua inachuruzika kwenye bati. Nikatoa shikamoo. "Marahaba mwanangu, sogea huku, utalowa." Nilikuwa nimekariri sentensi nne. Zote zilitoka kwa pumzi moja: kwamba ile namba niliichapa mimi, si mjomba.

Hakuinua uso.

"Uliona imeandikwa nne?"

"Ndiyo."

"Ukaandika nne."

"Ndiyo, bibi."

"Basi angalau husomi vibaya."

Akacheka. Mimi nikalia. Akanisogezea ungo, nikawa nachagua mawe huku machozi yanaingia kwenye mchele wa watu.

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika," akasema. "Miaka yote ile kazini sijapewa hata barua ya onyo. Sasa wakipita hapa wananichungulia kama nimeota mkia. Mjomba wako ndiye kakutuma?"

"Hapana. Hajui kama nimekuja."

"Vizuri. Usimuulize habari zangu. Na mimi usiniulize." Akapepeta kidogo. "Wale watoto wa kule sasa wanakunywa nini?"

"Wanaletewa boza."

"Haya."

Nilipoaga akaniita tena. "Kumbe unaongea! Nilidhani mama yako alizaa picha."

Hakusema amenisamehe. Nimelikumbuka hilo nilipofika kwetu, mkono uko kwenye kitasa. Na bado sijui kama nilikuwa nimeketi na mtu aliyeleta zile karatasi, au na mtu niliyemponza bure. Anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na kwa vyovyote vile, kazi hana.

Jumatatu saa tatu mjomba anaitwa tena. Safari iliyopita walimuuliza nani alichapa, akawajibu tovuti ni yake na jina lililo juu ni lake. Wakili anasema mimi silazimiki kwenda. Nimemwambia mama nakwenda. Baadaye nikamkuta anaipiga pasi hijabu yangu nyeupe.

Sijidanganyi kwamba nitamrudishia Bi Mwanaidi meza yake. Ila ile kona ni yangu, na sitaki mjomba aibebe.

Wakiniuliza nani alichapa namba, nitasema mimi, kwa sauti ya kusikika. Wakiniuliza nani alileta karatasi, nitasema sijui.

Sijui kweli. Na kuanzia leo simuulizi mtu.