Baridi Inayotoroka Kwenye Lori la Baba

Ukunda, 9 Februari 2025

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Natumai u mzima na kifua cha Baba kimetulia. Mimi huku sijambo, nakula, nalala, usiwe na wasiwasi. Nakuandikia kwa sababu simu wewe huiweka sauti ya juu uwanja mzima ukasikia, na mimi maneno hunikwama. Karatasi haimkatizi mtu. Baba atakuletea, ataichomeka pale juu anapoweka miwani.

Lori limekuja gereji tena. AC inapuliza hewa ya moto kama jiko. Gesi imekwisha yote, na si mara ya kwanza, wajua. Fundi Wafula amecheka akasema, "Nassir, gari ya mzee wako inakunywa gesi kuliko vile mimi nakunywa chai." Halafu ameniambia nibadilishe oringi, zile pete za mpira kwenye maungio ya paipu. Nimebadilisha zote, tumejaza gesi, ikapoa mpaka Baba akajikunyata. Amefurahi sana. Asema sasa atapita ile barabara ya vumbi ya Kikoneni vioo vimefungwa, pumu isimpate.

Nisalimie Mama Owen hapo nyumba ya nyuma. Mwambie ile sweta aliyonifumia bado ninayo. Nimeiweka chini ya godoro, maana hapa Ukunda nikiivaa nitaiva.

Mwanao,
Nassir


Msambweni, 13 Februari

Mwanangu Nassir,

Marahaba, marahaba babangu. Sisi hatujambo, alhamdulillah, ila joto. Barua yako imenuka grisi lakini nimeisoma yote.

Ile AC ilipoa siku chache, kisha ikarudi pale pale. Juzi Baba yako ametoka Kikoneni na machungwa, vioo wazi, mwekundu wa vumbi mpaka kope. Amekohoa nikamshika mgongo.

Mwanangu, hiyo si oringi. Wakumbuka mwaka jana, siku Baba yako alipolileta lori nyumbani likiwa na AC? Mama Owen alipanda pale kwa dereva, akafunga mlango, akapiga kelele: "Woi! Mzee Rai, hii gari ni friji!" Hakusema mashallah. Hata kidogo. Mimi kesho yake nikaanza kulilinda lori ninavyojua, kila asubuhi kabla halijatoka. Na bado, mwaka haujaisha, gesi ikaanza kutoka. Basi jicho lile lina nguvu. Simsemi kuwa ana nia mbaya. Watu wa bara hawayajui mambo haya. Lakini jicho ni jicho.

Nimemwambia Mama Owen atafute pahali pengine pa kupanga kabla ya mfungo. Nyumba ni yetu. Hilo usinijibu.

Mamako


Ukunda, 17 Februari

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Afya yako? Mimi sijambo, mkono umeungua kidogo na paipu lakini umepona.

Umesema nisijibu, sijibu. Nakupa habari za lori tu.

Baba amepita. Wafula alitaka tuongeze gesi aende zake, mimi nikamwomba aniachie kidogo. Nimechovya brashi kwenye povu la sabuni nikapaka kila ungio, nikachuchumaa nikatazama. Gesi ikitoka, povu hufanya viputo. Kwenye maungio kimya. Basi nikaingia chini ya pua ya lori, nikapaka kwenye kondensa, ule wavu wa vipaipu vyembamba ulio mbele kabisa unaopigwa na upepo. Hapo povu likaanza kupumua. Viputo vidogo vidogo kama macho ya kaa. Vyote upande wa kushoto, na hapo pana unga mweupe. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Wafula akasema, "Ni bahari hiyo, kijana. Bahari ya huku inakula kila kitu, itakula hata wewe na huo unyamavu wako." Lakini Mama, bahari ingekula pande zote. Hii imekula pahali pamoja, kama mtu anayekuja kwa mlango wake. Nimeyatazama malori mengine yanayolala karibu na maji kuliko letu. Hayana.

Nauliza tu. Asubuhi lori kabla halijatoka huwa limeelekea wapi? Na wewe husimama upande gani?

Mwanao,
Nassir


Msambweni, 20 Februari

Nassir,

Marahaba. Sisi wazima.

Lori huelekea barabarani kama siku zote. Mimi husimama ninaposimama. Waniuliza kama askari, kwa nini?

Mama Owen ameanza kufunga vitu. Leo amenirudishia mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ameiosha, ameiweka mlangoni, hakupiga hodi. Mbuzi ile ilikuwa ikilala kwake, ikilala kwangu, hakuna aliyewahi kusema inarudishwa. Owen alipita akaniamkia, nikamwitikia, hakuinua macho.

Moyo wangu si mzuri. Lakini nimeshasema, na neno la mtu mzima halimezwi.

Mamako


Ukunda, 24 Februari

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Naomba radhi yako kabla sijaandika. Karatasi ya kwanza nimeichana.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo nikienda chuoni asubuhi kusoma Kurani. Ulikuwa ukinizungushia kichwani maji ya chumvi kwenye bakuli la bati, ukisoma, kisha ukiyamwaga, jicho lisinipate. Niliona haya mbele ya wenzangu. Lakini nikifika barabarani nilijihisi hakuna wa kunigusa. Basi juzi nikiwa chini ya lori nimekuona wewe, kama nilikuwepo. Unatoka mlangoni na bakuli, unafikia ubavu wa kushoto, unasoma, unalimwagia lori usoni.

Ni mapenzi yale, Mama. Najua. Lakini kondensa ni ya aluminiamu, nyembamba kama ganda la yai. Mapenzi haiyajui. Inachojua ni chumvi. Na kila gesi ilipotoka, wewe ukaongeza maji. Neno la Mama Owen halikutoboa kitu. Sisi tulipolikinga lori ndipo tulipolitoboa.

Wafula sijamwambia. Nimemwambia ni upepo wa bahari kama alivyosema, na amefurahi kuwa alijua. Baba pia sijamwambia. Kondensa nyingine ya mtumba tumeipata Likoni, nimeifunga, povu limelala. Ukitaka, soma, fukiza ubani. Kama ni lazima umwage, mwaga tairi la nyuma, na yawe maji matupu.

Mfungo wakaribia. Mama Owen ataenda wapi na mtoto wa shule?

Nisamehe.

Mwanao,
Nassir


Ukunda, 28 Februari

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Baba amenipitia jana na leo, nimetazama pale kwenye miwani, hakuna karatasi. Nimemuuliza, akasema, "Mamako mzima, yuko na kazi," basi. Kama nimekosa adabu niambie. Hata ukinigombeza, andika.

Mwanao,
Nassir


Msambweni, 3 Machi

Mwanangu Nassir,

Marahaba babangu, na Mungu atutakabalie saumu zetu. Usile vitu vya barabarani ukifuturu, jipikie uji.

Sikukukasirikia. Nilikuwa natafuta njia ya kwenda mlangoni kwa mtu.

Kwanza niliona uwongo. Nikaenda nikaliinamia lori pale mbele, nikapapasa na vyuma vya kando. Mkono ukarudi mweupe. Nikaketi pale chini, Baba yako akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia pete.

Siku ya kuamkia mfungo nilimkuta Mama Owen anafunga godoro kwa kamba. Maneno sikuwa nayo, basi nikabeba mbuzi na nazi nikaenda. Nikasema, "Hodi. Nazi hii imenishinda, mkono waniuma."

Akanitazama. "Mama Nassir, ni mkono unauma ama ni roho?"

Nikamwambia, "Vyote viwili. Nikunie."

Akaketi juu ya mbuzi akakuna. Mimi nikafungua kamba ya godoro. Tulikaa hivyo, yeye akuna, mimi nafungua, mpaka nikaweza kumweleza habari ya chumvi. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka nazi ikamwagika! "Ati mimi nafukuzwa, na kumbe ni wewe unatoboa gari!" Nikamwambia nyamaza, Mzee Rai asisikie. Akainuka na mikono yake ya nazi, akaliendea lori, akalipiga kofi: "Mashallah! Mashallah! Mashallah! Nimesema mpaka ya Krismasi, msinidai tena."

Hahami. Mbuzi imelala kwake.

Chumvi imerudi jikoni. Asubuhi nasoma tu, nimesimama kule nyuma.

Wewe huongei sana, mwanangu, lakini macho unayo. Radhi yangu unayo pia.

Mamako


Ukunda, 11 Machi

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama, na saumu njema. Barua yako nimeisoma nikairudia.

Baba amefika leo kutoka Kikoneni. Lori jekundu nje, ndani hata vumbi la kuandikia jina hakuna. Nimepaka povu pale mbele, nikangoja, nikangoja tena. Limelala. Nimemsikiliza kifua akiongea na watu, hakukohoa hata mara moja.

Lakini alipokuwa akishuka, Wafula amepiga kelele gereji nzima ikageuka: "Nassir! Wacha hiyo spana, kuja uone mzee wako!" Ni saa saba, Mama, lami inashika viatu. Baba ameshuka na sweta. Ya kijani, mikono mpaka vidoleni, imefungwa vifungo vyote. Nikamwamkia, nikamuuliza anaumwa?

Akasema, "Siumwi. Mama Owen amenifumia. Mle ndani baridi."

Nimeona haya kucheka mbele yake. Nimezunguka nyuma ya gereji nikacheka peke yangu.

Ijumaa atanipitia nije tufuturu nyumbani. Mwambie Mama Owen sweta yangu nimeitoa chini ya godoro, nimeianika.

Mwanao,
Nassir