Kwa Mama, Uliyehubiri kwa Mikono

Mwaka mmoja umeshazunguka, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya mvua, na bado tunafungua mlango wa jikoni polepole, kana kwamba uko ndani unasali na hatutaki kukukatiza.

Ulikuwa dobi wa hospitali. Jioni ulirudi unanukia sabuni na mvuke, ukavua viatu mlangoni, ukauliza kwanza nani hajala. Mashuka ya wagonjwa uliyakunja huku ukiwaombea watakaoyalalia. Tulipokutania kwamba Mungu atachoshwa na maombi yako, ulisema akichoka atasema mwenyewe.

Jirani yetu fundi cherehani, asiyesikia, aliacha kanisa kwa kuchoka kutazama midomo ya watu. Ukaenda kujifunza lugha yake ya ishara kibarazani kwake, nawe una wajukuu tayari. Akarudi yeye, wakaja wenzake, benchi la mbele likajaa. Ulisimama kando ya mchungaji, mikono yako ikipanda na kushuka taratibu, na sisi wenye masikio tukasahau kusikiliza, tukabaki tunakutazama wewe.

Ulipoondoka, benchi lilianza kupwaya. Mchungaji alimwomba Baba ajaribu, maana miaka yote ulifanya naye mazoezi ya ishara pale mezani. Baba alikataa. Alisema yeye ni seremala, tena msumeno ulishamla kidole. Atawapotosha watu wa Mungu bure. Akawa anakaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya sala ya mwisho.

Ndipo ukamjia ndotoni, mchana kweupe, amesinzia karakanani katikati ya maranda. Anasema ulikuwa ng'ambo ya chumba chenye mwanga mwingi, unamwambia neno moja kwa mikono, tena na tena, naye haelewi. Alipozinduka alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akamwonyesha ishara ile. Fundi alimshika mkono wa shati, akamvuta kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani yake, akamwachia. Baba akaelewa. Ulikuwa unamwambia asogee mbele.

Jumapili iliyofuata alisimama mahali pako. Akakosea ishara ya fimbo, Musa akainyoosha baiskeli juu ya bahari. Benchi zima likaangua kicheko. Baada ya ibada wakamtuliza: kwa kidole kile kilichokatika, yeye ana kigugumizi cha mikono tu. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Mama yenu kanitwisha kazi ngumu," alituambia nyumbani, "na wa kumkatalia simwoni."

Benchi limejaa tena, Mama. Kukosea anakosea bado.

Juzi alipitiwa na usingizi kitini, dirishani. Tulipompelekea chai tulikuta mikono yake inatembea kifuani, inasema jambo, inatulia kidogo kama ya mtu anayengoja jibu, kisha inaendelea. Hatukumwamsha. Chai ikapoa.

Unakumbukwa na mumeo. Binti zako wawili, muuguzi na mwalimu. Kitindamimba wako, yule uliyemwita Mzee tangu anatambaa. Wakwe na wajukuu zako. Wenzako wa chumba cha kufulia. Fundi cherehani na benchi lake lote.

Siku zote tuko nawe, Mama. Pumzika.