Sweta Lililonitosha Garsen

Mama Neema mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya cha wiki tatu. Mafuriko yalikata barabara, na pia niliona haya kukuandikia kabla sijapata sweta. Suti ya zamani, kofia na viatu vya picha ya ukumbusho wa ndoa yetu ninavyo tayari. Limebaki sweta, na mikono ya masweta yote ya huko kwetu Wundanyi huniishia viwikoni.

Jana katika soko la hapa Garsen nililiona: la sufu, rangi ya damu ya mzee, vifungo vya ngozi, sawasawa na lile nililovaa siku ya posa. Lilikuwa limevaliwa na ndama. Mama wa ndama huyo alisombwa na maji, na Bi Hawo, mfugaji wa Kiorma, alimvika kwa ajili ya baridi ya mvua.

"Jaribu tu, Mwalimu," akasema, akamvua.

Mikono ilinifika barabara! Lakini ndama alianza kutetemeka, akanifuata soko zima akinyonya kifungo cha chini. Watu waliacha kununua samaki wakatutazama.

"Niuzie," nikamwambia Bi Hawo.

"Sweta peke yake? Huyu mtoto atakufa baridi. Beba yote mbili."

Nilimrudishia ndama sweta lake. Bi Hawo amenipa hadi Ijumaa. Nitakuandikia mara nitakapoamua. Jikinge na ukungu, kunywa dawa yako ya kifua, na tafadhali usimpe jirani lile zizi letu la zamani.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema